Tairi Nyekundu za Bwana Jalala

Jumatatu, 3 Machi

Jumamosi ni kumbukumbu ya Kaka. Nimepewa kazi ya kushona vitambaa vya meza — vya kijani, eti rangi ya mazingira. Haya. Mwenyekiti wa kikundi cha bustani kaja mwenyewe na jora la kitambaa, kakaa kwenye kiti cha wateja, kamsifu Kaka mpaka chai ikapoa. Shujaa, sijui nguzo. Kahamia hapa juzi tu, hata toroli la Kaka hajawahi kuliona! Sisi tulioliona tunajua. Alipoanza kuzoa taka pale jalalani peke yake mtaa mzima ulicheka, ukampachika jina Bwana Jalala. Leo jalala limekuwa bustani, na kila mtu alikuwa rafiki yake.

Nimemkumbuka sana. Mikono yake ilinuka udongo hata siku ya harusi ya bintiye.

Mgeni rasmi ni Afisa Ardhi. Huyo anataka pale pawe maegesho ya magari. Neno lake ni moja, jalala ni jalala tu. Kwa hiyo wageni watapikiwa mchicha wa bustanini, Afisa ale, anyamaze. Nikasema wazo zuri.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kupima meza. Bustani inang'aa! Wanakikundi wamepaka tairi zote zilizozungushia vitalu rangi nyeupe, kwa heshima ya marehemu. Nikaanza kupiga makofi — halafu mikono ikaganda.

Tairi nyekundu ziko wapi?

Kaka alizungushia tairi nyekundu kipande kimoja tu. Zamani palikuwa na fundi betri pale, akipasua betri za magari na kumwaga maji yake ya sumu chini, miaka na miaka. Kaka hakupanda chakula hapo. Nyasi na maua, basi. Alipaita Wodini. Akipita asubuhi anapasalimia, "Mgonjwa, umeamkaje?" Ukimwuliza kwa nini hapandi mboga anakujibu, "Mgonjwa umemwona wapi akiwapikia watu?"

Nimekwangua tairi moja kwa ncha ya mkasi. Chini ya nyeupe kuna nyekundu. Lakini tairi zenyewe wamezihamisha, wamepangia njia ya wageni! Nikamwuliza Mwenyekiti, na zile nyasi? Kacheka. Eti magugu yale waling'oa mapema, wakapanda mchicha kote. Na umekubali kweli kweli.

Umekubali. Mungu wangu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa Wifi. Alikuwa anapiga pasi gauni la Jumamosi. Tangu Kaka afariki sijamwona ana furaha hivi, jina la mumewe litawekwa getini. Nikamwaga yote.

Kasema Wodini ilikuwa karibu na ukuta, mchicha wa huko usiguswe, yameisha. Mimi nakumbuka karibu na bomba. Tumebishana mpaka pasi ikaunguza ukosi. Ndipo akakaa chini.

"Wifi yangu," kasema taratibu, "ukitamka sumu mbele ya Afisa, kesho si ataleta katapila? Kaka yako kavunjika mgongo pale. Leo umfukie mara ya pili, kwa mdomo wako?"

Halafu kasema mlo mmoja hauui mtu.

Nimeondoka bila kuaga vizuri. Nimekasirika, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba ana hoja. Bustani ile ndiyo Kaka aliyebaki.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempigia Mwenyekiti. Nimeanza kwa mbali — tununue mboga sokoni, si mboga tu? Kashtuka. Yaani tumpake Afisa mafuta kwa mgongo wa chupa? Nikamweleza habari ya betri. Kashusha sauti.

"Mama, una uhakika ni wapi?"

Sina. Tairi ndizo zilizokuwa na uhakika.

Basi, kasema, tusiue shughuli kwa kumbukumbu za watu wazima. Na mchicha umeshachumwa wote, umechanganywa kwenye mabeseni. Kakata simu.

Naogopa. Hata marehemu nimemkasirikia leo. Kaka, kichwa chako kilijaa mbolea? Rangi tu ndiyo uliyotuachia?

Jumamosi, 8 Machi

Niko chini ya turubai, daftari magotini. Watu wanadhani napitia hotuba yangu. Wamejaa! Hata wale waliokuwa wakimrushia Kaka maganda wamevaa fulana yenye picha yake. Mwenyekiti hanitazami usoni. Afisa anatazama saa.

Sahani zimegawiwa. Watu wanangoja ishara tu. Mchicha unang'aa, unanukia vizuri, ndiyo balaa yenyewe.

Wifi yuko mbele, kampakata mjukuu. Mtoto kashindwa kungoja, kachota — Wifi kamdaka mkono! Kamnyang'anya kijiko, kakificha chini ya kiti. Mtoto analia. Halafu Wifi kageuka, kanitazama.

Kumbe na yeye! Mlo mmoja hauui mtu, lakini mjukuu wake asile.

Mchuma janga hula na wa kwao. Kaka alipenda kutuambia hivyo tukichuma ovyo bustanini, na sisi tukicheka.

Mwenyekiti kashika maikrofoni. Kabla mgeni rasmi hajala, dada wa marehemu afungue, aonje wa kwanza, kwa heshima. Makofi. Vigelegele. Sahani inakuja, imefunikwa kwa kitambaa nilichoshona mwenyewe. Afisa kaacha kutazama saa yake, ananitazama mimi. Wifi katikisa kichwa — nisiseme au nisile? Sijui. Machozi yanamtoka.

Nimesimama, kalamu ingali mkononi. Mwenye sahani kafika. Nimemwambia, shika kwanza mwanangu, niletee maikrofoni —