Picha za Mzee Joash Okeyo Ambazo Hatukuziona kwa Wakati

Mwaka umekatika, Baba, tangu utuache asubuhi ile ya Julai, na nyumba yetu ya Yamumbi bado inanuka mafuta ya taa uliyokuwa ukisafishia brashi. Mama hataki tufungue madirisha.

Miaka thelathini ulikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo. Ulipostaafu, ukawa mchoraji bila kumwomba mtu ruhusa. Majirani walikuletea cherehani mbovu ukazitengeneza bure, mradi mwenyewe akae umchore huku akisubiri. Soksi zetu zote ulizimaliza kwa kupangusia rangi. Mtu akikusalimia, wewe unamwangalia sikio, na wageni walidhani una dharau.

Picha zenyewe ulizifungia stoo. Hata Mama hukumwonyesha. “Ataziona zikiwa zimetundikwa,” ulisema.

Miaka minne uliwaza hayo maonyesho yako: picha ipi ikae mlangoni, ipi ikae mbali na dirisha, watu watasema nini. “Wakicheka, wacheke,” ulituambia, lakini usingizi ulikuwa umekupotea.

Hatimaye kanisa likakupa ukumbi kule mtaa wa Pioneer, Jumamosi moja ya Aprili. Mimi Emmaculate, kifungua mimba wako, ninayeandika haya, ndiye niliyetengeneza tangazo. Niliweka picha yako ukiwa na suti nyeusi, jina lako kamili, tarehe, jina la kanisa, na juu kwa herufi kubwa: Kusherehekea Kazi ya Mzee Joash Okeyo. Likasambaa kwenye simu. Nani husoma tangazo la namna hiyo mpaka mwisho?

Wewe ulitangulia ukumbini. Mama na mimi tulikuwa tunavaa tukufuate, mara watu wakaanza kuingia getini na sukari na unga. Mzee Kipyego, jirani yetu, alimshika Mama mkono.

“Pole sana, Mama Emma. Tumeona tangazo la msiba kwa simu. Kwani mzee aliugua lini?”

“Nani aliugua? Mzee ako Pioneer na picha zake, mzima kabisa!”

Walipiga vigelegele, Baba. Wakaomba, wakaimba. Watu wamekuja na vyakula mkononi, utawaachaje waondoke bila chai? Tukasema wanywe kwanza, halafu tuje wote pamoja. Simu yako ulikuwa umeizima isije ikalia mbele ya wageni. Chai ikageuka chakula, na saa tisa mvua ikashuka, ile ya Aprili isiyo na mchezo.

Tulikukuta saa kumi na moja jioni, peke yako, unazifunga picha kwa mashuka. Tulipokueleza, ulicheka. “Kumbe niko na watu wengi hivyo?” Kisha ukauliza, “Na picha? Hakuna aliyetaka kuziona?”

Tukaanza kukunja viti.

Ulizirudisha stoo ukasema tutafanya tena Desemba. Moyo wako haukungoja. Baba, tusamehe. Tulisherehekea kwamba uko hai, tukakuacha umekaa mwenyewe kutwa nzima, na hilo linatuuma mpaka leo.

Juzi tulifungua stoo. Ziko thelathini na moja. Mzee Kipyego yumo, na masikio yake makubwa vilevile. Mama yumo katika tisa: akichambua mchele, akiwa amesinzia kwenye kochi, akiwa amekupa mgongo kwa hasira. Alikaa chini sakafuni akazishika moja moja. “Kwa nini hakuniambia?” aliuliza.

Tutazitundika Jumamosi hii, ukumbi uleule, kuanzia saa nne asubuhi.

Unakumbukwa na mkeo Hulda; wanao Emmaculate, Jeconia na Marion; mkweo Sifuna; wajukuu zako wanne, na majirani wote wa Yamumbi.

Picha zako ni nzuri, Baba. Tulipaswa kukuambia ukiwa unasikia. Hatutakusahau kamwe.