Nati Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Kasema kwa upole, kama fundi anayemwambia mteja kwamba spea za pikipiki yake hazitengenezwi tena. Nikamuuliza: wiki au miezi? Akajibu nisinyanyue vitu vizito. Ahsante sana, daktari! Kalamu nayo ni nzito?

Mchana akaja binti yangu. Sasa ndiye msanifu mkuu kiwandani, anakalia kiti changu kilekile. Jumatatu ijayo wakurugenzi wanachagua pikipiki moja. Moja tu. Soko likiikataa, lango linafungwa na watu mia tatu wanarudi nyumbani. Na yeye anawapelekea nini? Mshale! Mshale wangu, niliouchora miaka thelathini na nne iliyopita, umeoshwa uso na kupachikwa taa mpya. Eti siku hizi watu wanapenda vya zamani.

“Baba, wewe ndiye ushahidi wangu,” kasema. Ijumaa saa nne asubuhi atakuja kunirekodi kwa simu, nieleze jinsi waendeshaji walivyouchagua Mshale. Kumi na mmoja kwa mmoja.

Nikamwambia ni mzuri. Ningesema nini?

Jumanne, 4 Machi

Nimeshinda dirishani naangalia barabara. Ghorofa ya pili, kiti cha mbele, hakuna kiingilio.

Pikipiki za siku hizi! Taa mbili zimekunjwa kwa hasira kama macho ya nyigu. Zina hasira na nani? Mkia umeinuka juu, mwembamba, na abiria kaning'inia hapo kama shati kwenye kamba. Plastiki kila mahali. Ukiidondosha mara moja unaokota vipande kwa ufagio. Halafu kuna zile za “zamani”, mpya kabisa, zilizotengenezwa zifanane na za babu. Babu mwenyewe asingeziafiki – kwanza hazina pa kufungia mzigo.

Lakini leo nimemwona mmoja, mpeleka mikate. Mkia wa pikipiki yake kaukata kwa msumeno, kachomelea bati bapa, juu yake kreti tatu. Msanifu fulani, mwenye shahada, aliuchora mkia ule kwa miezi mingi. Mwenye mikate kaumaliza kwa dakika kumi.

Viwanda vinauliza vitengeneze nini ili vipone. Si mtazame dirishani, waheshimiwa?

Nasema “viwanda”, sisemi “mimi”. Nimekuwa muungwana ghafla.

Jumatano, 5 Machi

Mkono hautaki. Kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Basi leo. Niandike kabla sijajionea huruma.

Kiwandani tulikuwa na desturi. Pikipiki mpya huchongwa kwanza kwa udongo, ukubwa wake kamili, inawekwa juu ya meza na kufunikwa shuka jeupe. Wakubwa wanaingia, shuka linavutwa, tunapiga makofi. Hakuna anayeikalia, ukikalia udongo unauharibu. Kwa hiyo miaka ishirini tuliamua pikipiki nzuri ni ipi kwa kuitazama imesimama, bila mtu mgongoni! Tungekuwa washona viatu, tungewapimia watu vichwa.

Mchomeleaji wetu wa fremu ndiye aliyeuliza kwa nini. Tulimwita Bapa, kwa sababu alichora pikipiki yake mwenyewe na kila kitu ndani yake kilikuwa bapa: kiti kirefu kama benchi, tangi la ubavu ulionyooka ambalo fundi yeyote angeweza kuligonga likarudi, keria iliyochomelewa kwenye fremu. Nikaiita meza ya jikoni yenye magurudumu. Ofisi nzima ikacheka. Nilikuwa hodari wa kuchekesha.

Bapa akasema: tuwape watu waziendeshe. Zikaundwa mbili, Mshale wangu na meza yake. Waendeshaji kumi na wawili, wiki mbili: matarishi, wauza maziwa, mkunga mmoja. Mwishoni kila mtu akaingia nyuma ya pazia na nati moja, akaidondosha kwenye kopo. Jekundu langu. La buluu la Bapa.

Mimi ndiye niliyetumwa kuyabeba makopo hadi chumba cha wakurugenzi. Katikati ya korido kuna stoo ya michoro. Nikaingia, nikafunga mlango. La buluu, nati kumi na moja. Langu, moja.

Nikabadilisha. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

Mshale ukatamba miaka mitatu, kisha abiria wakachoka kuteleza kwenye mkia wake ulioinuka. Kiwanda cha jirani kikatoa meza ya jikoni. Kinaiuza hadi leo. Sisi tukaendelea kuinua mikia. Bapa akahamishiwa stoo ya parafujo, akastaafu hukohuko.

Na kila Ijumaa anakuja kuninyoa, maana mikono yangu inatetemeka.

Ijumaa, 7 Machi

Bapa alifika saa tatu. Kanipaka povu, kaanza shavu la kulia.

“Tulia, Mhandisi. Nikikukata sikio utasema ni mtindo mpya.”

Nikamwambia. Wembe ukiwa shingoni! Sijui ni ujasiri au nilitaka anirahisishie daktari kazi.

Akasimama. Akaufuta wembe kwenye taulo, polepole, pande zote mbili.

“Zangu zilikuwa ngapi?”

“Kumi na moja.”

“Na yako moja, nani?”

“Shemeji yangu.”

Akacheka hadi akakohoa. Kisha akaketi kitandani kwangu na kicheko kikaisha.

“Miaka yote ile nahesabu parafujo,” kasema, “najua nilichora kitu cha aibu. Hata mke wangu sikumwonyesha mchoro tena.”

“Ulichora vizuri,” nikasema, bila mzaha. Mara ya kwanza maishani.

“Binti anajua?”

“Hajui. Anakuja sasa hivi kunirekodi.”

Akaurudisha wembe kwenye kibweta. “Basi mwambie mwenyewe. Mimi niko jikoni. Ukimaliza, niite nimalizie upande wa kushoto.”

Ndiyo hali yangu: shavu moja la bwana harusi, jingine la mfungwa. Povu linakauka, linawasha. Nimetoa makopo chini ya kitanda – niliyahifadhi, mwizi makini. Nimezirudisha nati kwao. La buluu ni zito mapajani. Nisinyanyue vitu vizito!

Jikoni kimya. Hata kikombe hakilii. Anasikiliza.

Pikipiki imezimwa chini. Hatua za binti yangu kwenye ngazi, mbilimbili kama alivyokuwa mdogo. Anaita tangu nje: “Baba, uko tayari? Umependeza?”

Nusu, mwanangu. Ingia uhesabu nati.