Mierezi ya Baba

Mdogo wangu Ladislav,

Mama hajambo, anakula vimikate vitamu vya kolache vya plamu kuliko daktari anavyomruhusu. Paka kazaa ndani ya kofia uliyoisahau siku ya mazishi ya Baba.

Sasa kaa chini. Ile mierezi uliyoipanda malishoni kumkumbuka Baba, nimeikata yote kabla ya theluji. Nilinyamaza kwanza nione kama niko sahihi, na niko sahihi.

Usianze kutukana. Unawakumbuka wale ndege pori, kuku wa mbugani, waliokuwa wakiwachezea majike pale kila Aprili, madume wakivimbisha shingo zao za rangi ya chungwa na kuvuma? Baba alitukataza hata kukohoa tusije tukawashtua. Miti yako ilipokua, wakahama. Bi Ramona wa idara ya wanyamapori ya jimbo, anayewahesabu, alikuja akatikisa kichwa.

"Dada Vlasta, hawa ni ndege wa uwanda mtupu. Hapa mmempa mwewe kiti cha kuwavizia."

"Mdogo wangu kaipanda kwa machozi," nikamjibu.

"Mwewe atayajulia wapi machozi?"

Nikawasha msumeno. Mama hakunisemesha majira yote ya baridi.

Jumapili alfajiri wamerudi, Ladi! Malisho yote yanavuma. Mama katoka amevaa koti la Baba, kakaa kando yangu, kaziba mdomo asije akakohoa.

Njoo kabla Aprili haijaisha. Tangu uipande miti ile hujakanyaga hapa, na Baba asingetaka mti usimame badala ya mwanawe.

Ni mimi dada yako, nisiyeomba radhi,
Vlasta