Tungojee Ile ya Katembo

Kitshanga, Jumapili baada ya misa

Kaka yangu Katembo,

Nakusalimu kwanza, maana Mama amekaa hapa pembeni na amesema barua isiyo na salamu ni matusi. Basi, hujambo? Afya yako? Duka la Mubi linakwenda, malori yanafika na matope hayo, watu wananunua? Wifi Céline na watoto ni wazima? Sisi huku tupo, Mungu anatushika. Fifi wangu amepanda darasa. Maharagwe yameota vizuri kwa wale ambao bado wanafika mashambani mwao. Wengine wako kambini wanatazama vilima vyao kwa mbali. Milio ya risasi tunaisikia, kisha inanyamaza, kisha tunarudi sokoni. Mama miguu inamvimba na presha haishuki, ila nguvu za kutugombeza bado anazo.

Salamu nimemaliza. Sasa nina hasira nawe, kaka, na nimeiweka kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu unanikatiza kila ninapofungua mdomo. Barua haikatizwi. Jean-Marie wa lori atakukabidhi mkononi, na nimemwomba akae hapo dukani mpaka umalize kusoma.

Alhamisi iliyopita Mama alioga, akavaa kile kikwembe chake chenye sura ya Bikira Maria, akafunga kitambaa kichwani, akakaa kwenye kiti mlangoni. Nilikuwa nimeazima simu ya jirani yetu Benita, ile inayopiga picha safi, nimpige Mama picha yake. Kabla sijainua mkono, ukaingia ujumbe wako wa sauti. Ukamwambia Mama asikubali kupigwa na kisimu. Angojee. Ile kamera mpya iko njiani, safari hii si uvumi, umeona video ya mzungu mmoja aliyeishika. Haina kioo ndani kama zile za zamani. Haitoi mlio hata kidogo. Inaona gizani kama paka, na inalitambua jicho la mtu hata akiwa amesimama kivulini. Ukasema ikifika utaipandisha mwenyewe hadi Kitshanga. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, akaingia ndani, akavua kikwembe, akakikunja. Nilipomwona anakikunja, damu ilinipanda. Maneno hayo nimekwisha kuyasikia katika nyumba hii, na unajua ni nani aliyeyasikiliza.

Papa alikuwa mpiga picha wa mji huu kabla mimi na wewe hatujajua kunawa uso. Tangu alipoteremka kutoka Butembo na mashine yake begani, hakuna arusi, ubatizo wala ng'ombe wa mahari ambaye hakumpitia. Lakini mfinyanzi hulia gaeni: yeye mwenyewe alikuwa na picha chache tu, nazo ziliungua pamoja na studio mwaka ule wa moto. Wewe uliondoka mwaka uleule ukaenda kutafuta maisha huko Mubi, Walikale, na hukubeba hata moja. Kadi yake ya mpiga kura ilibaki, ila uso ulikuwa umefutika kwa jasho la mfukoni, ukabaki ukosi wa shati.

Kamera yake ilipoharibika, fundi Evode wa Masisi aliifungua akasema ni pazia la ndani limekatika, analo lingine, ataliweka. Wewe ukakataza. Ukasema hakuna mtu anayeziba sufuria nzee wakati mpya imo njiani. Ndipo ukaanza kumlisha Papa uvumi wako. Kila juma kulikuwa na jipya. Mara itatoka kabla ya Pasaka. Mara imesogezwa hadi Noeli kwa sababu wameiongezea jicho kubwa zaidi. Mara itakuwa na kadi mbili, moja ikikwama nyingine inaendelea, na betri itavuka arusi nzima. Siku moja ukamwambia lile lililommaliza kabisa: kwamba mikono ya mtu hata ikitetemeka, picha haitatetemeka. Kaka, mikono ya Papa ilikuwa imeanza kutetemeka. Alikuwa anaificha mfukoni ili wateja wasiione. Ulipomwambia hivyo aliiweka simu kwa sauti kubwa na kunifanya nisikilize mara ya pili.

Sikatai kwamba ulimfurahisha. Alikuwa akikaa na simu mapajani tangu saa kumi jioni akisubiri uite. Ila nilipomwomba nimpige picha moja tu, hata kwa simu, alinitazama kama niliyemwambia avue suruali sokoni. Picha za simu ni za watoto, alisema. Akatengeneza kadre ya mbao ya kuwekea picha yake, akaipaka vanishi, akasugua kioo chake mpaka kikang'aa, akaitundika ukutani ikiwa tupu. Wageni walipouliza ni ya nani, alijibu, "Njo yangu hiyo. Tungojee ile ya Katembo."

Nasikia ndani ya mashine hizo mna mawe yanayochimbwa huko kwenu. Ikiwa ni kweli, basi mawe yalipita mbele ya duka lako juu ya migongo ya watu, na wewe umesimama mlangoni unangoja yarudi yakiwa kamera. Ungoje peke yako. Kwa nini ulimngojesha na mzee?

Vita vilipofika nyumbani tulikimbilia uwanja wa parokia, na hukohuko presha ikamshika Papa, dawa hakuna, barabara imefungwa, akatutoka. Hayo nilikueleza siku ile. Sikukueleza mazishi. Wewe unajua desturi yetu: mjukuu anatangulia mbele ya jeneza na picha ya marehemu kifuani, ili njia nzima watu wajue wanamwondolea nani kofia. Fifi alitangulia na kadre tupu. Mama aliweka rozari yake nyuma ya kioo ili pasiwe patupu kabisa. Watu waliokimbia kutoka vilima vingine, wasiotufahamu, walikuwa wanachungulia kioo kile wakiuliza ni nani amekufa. Mtu aliyepiga picha nusu ya mji, kaka, na watu wanauliza ni nani.

Sasa utaniambia mimi ni mwongo, kwa sababu picha ya Papa unayo. Ndiyo. Hilo nalo nitakueleza, na Mama hajui kama ninaliandika.

Siku ya pili ulipiga simu ukilia. Ukasema kwa kuwa njia imefungwa utaweka kilio hukohuko Mubi, kama wanavyofanya wenzetu wote waliokwama mbali: meza, kitambaa cheupe, mshumaa na picha ya marehemu. Ukataka nikutumie ile ya kwenye jeneza. Mimi nilitaka kukujibu kwamba uitafute kwa wazungu wako wa video. Mama akanishika mkono. Akasema, "Mutoto wangu hatalia mbele ya meza ya bule."

Katika kibanda cha nyuma ya nyumba anaishi mzee Védaste, mkulima wa Masisi aliyefukuzwa kwenye maharagwe yake. Papa alimpokea ulipokuwa umekwisha ondoka, humjui. Ni mrefu kama Papa, mabega yaleyale. Mama akamwendea na koti la Papa na kofia yake. Mimi nilidhani atakataa, maana ni nani aliye hai atakayekubali sura yake iwekewe mshumaa? Wenziwe wa kambini walimwonya kwamba anajiita kaburini. Yeye akavaa koti, akafunga vifungo vyote, akaniambia, "Papa yenu alinipatiaka pa kulala. Miye nitamupatia sura." Nikampiga picha kwa simu ya Benita, ubavuni, karibu na dirisha, nikakutumia.

Nilifikiri utajua mara moja. Nilikaa na simu mkononi nikingoja unitukane, na Mungu anisamehe, nilitamani unitukane. Ukapiga ukilia. Ukasema, "Vita imemuzeesha Papa." Ukasema paji la uso ni lako kabisa. Baadaye ukaikuza, ukaitundika dukani juu ya redio, na Jean-Marie ananiambia unawaonyesha wateja: tazameni kazi ya kisimu, je, ingekuwa ile kamera mpya?

Ni Védaste, kaka. Yu hai, anapasua kuni hapa nje ninapoandika, na kila asubuhi anauliza kama mtoto wa Mubi ametulia moyo. Unangoja mashine itakayolitambua jicho la mtu gizani. Wewe ulipewa uso wa mtu, mchana, ukashindwa kuona kwamba si wa baba yako.

Usiitupe picha hiyo. Mtu aliiazimisha roho yake kwa ajili yako. Ila ondoa mshumaa mbele yake.

Mama nilimvalisha kikwembe tena Alhamisi ileile, nikamwambia hatungojei mtu. Alinuna, halafu mwishoni akacheka, na hapohapo nikampiga picha. Nimeipeleka ikachapwa, imo ndani ya bahasha hii.

Msalimie wifi na watoto, wasalimie na jamaa wa Butembo walioko huko. Benita na Fifi wanakusalimu. Védaste anakusalimu, hajui ninakuandikia nini. Barabara ikitulia, njoo hata mikono mitupu.

Na hiyo picha uitazame taratibu. Huyo ndiye Mama. Nyuma nimeandika jina lake, Élisabeth, ili usikosee tena.

Mimi mdogo wako,
Kavugho