Jina la Mtoto Limebaki Kisumu

Mume wangu Ochieng,

Bahasha sijaifunga. Hao wanaozuia barua mpakani na waisome, waone kama humu mna siri ya taifa, kisha wakupe. Mbili za kwanza zimerudishwa.

Unakumbuka bandarini Mwanza, meli zikienda Kisumu na Port Bell, ukiniambia nchi tatu zinakula chungu kimoja, nani atakimwaga? Nikakujibu kuwa wanaokula pamoja ndio wanaogombana. Ulicheka ukaniita mchawi. Basi ushirikiano wa nchi hizo ukavunjika kweli, kila nchi ikazishika meli zilizokuwa kwake, nanyi mafundi wa meli kutoka Kenya mkaambiwa mrudi kwenu. Uliniacha na mimba ya miezi saba. "Wakubwa watazungumza tu," ulisema. "Nitafika kabla hujajifungua."

Hawajazungumza. Nimejifungua mtoto wa kiume, hapa Magu kwa mama yangu, na masikio ni yako kabisa.

Nakumbuka pia ile Jumapili uliyotaka kunifundisha desturi ya kwenu. Mtoto akilia bila kukoma, mnamtajia majina ya wazee waliofariki, mmoja mmoja, na akinyamaza, huyo ndiye aliyekuja kumpa jina. Aliye hai hatajwi. Ukaanza kunihesabia babu zako, nami nikakukatiza: "Sisi Wasukuma hayo hatuyajui, utayataja mwenyewe siku hiyo." Najuta, Ochieng. Mdomo wangu huu umeniponza.

Mtoto analia siku ya nne leo. Zahanati wamempima, wanasema hana homa wala nini. Sijui hata babu yako mmoja. Nimetaja watakatifu wa kanisani, nimetaja wazee wa kwetu, analia tu. Asubuhi hii, kwa kukosa la kusema, nikamwita kwa jina lako.

Akanyamaza papo hapo.

Mama akapiga vigelegele. Mimi nikakaa chini. Mama hajui kwenu mtoto humnyamazia nani.

Sijamwambia mtu. Nimechanganyikiwa, mume wangu. Wakubwa wa nchi zote tatu wagombane wanavyotaka, mimi naomba mtu mmoja tu aje aseme amekuona Kisumu unatembea. Andika hata neno moja. Mama anataka tukamwandikishe mtoto kwa jina lako, nami nimekataa, na nitaendelea kukataa mpaka unijibu.

Mkeo, mama wa mwanao