Bata Mzinga wa Fundi Mchomeleaji

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu za baba yako aliye mzima, kifua kimetulia, ila goti la kushoto bado linanung'unika kama kawaida yake. Wewe je? Mume wako hajambo? Na huko kwenye mikate, bado mnawatangulia jogoo kuamka?

Nimestaafu, mama. Karakana walinifanyia sherehe. Tajiri akahutubia, watu wakapiga makofi, kisha akanikabidhi mfuko. Nikadhani ni saa ya ukutani. Kumbe ni bata mzinga mzima, amenyonyolewa, ameganda kama jiwe! Kabla sijafunga mfuko, Mzee Cheche, yule tuliyechomelea naye meza moja miaka yote, akapaza sauti: "Mwisho wa mwezi tunakuja kumla!" Wote wakashangilia. Nikajisikia nasema, "Karibuni."

Nimeingia mkenge. Mimi nimechomelea mageti na madirisha ya nusu ya mji huu, lakini nyama sijawahi kuchoma hata mshikaki mmoja. Na hawa watu siwezi kuwapa soda na biskuti. Tangu tumzike mama yako, wamekuwa wakinimegea chakula chao cha mchana bila kuniuliza kama nimekula.

Nimekata pipa, nimelitia bawaba na bomba la kutolea moshi. Nataka achomwe mzima, taratibu, kwa moshi. Wewe ni mtu wa moto, nielekeze. Kwa sasa bata yuko kwenye friji ya Mama Jirani.

Ni mimi,
Baba yako


10 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, mume wangu anakusalimu na anacheka mpaka sasa. Hongera kwa kustaafu. Na pole kwa zawadi.

Sikiliza. Mtoe kwenye barafu mapema, ayeyukie ndani ya friji, si juani, la sivyo utawalaza hospitali wageni wako wote. Akiyeyuka, mlaze kwenye maji ya chumvi usiku kucha. Pipa lako liwashie moto mkali likiwa tupu, mafuta na rangi yote viungue. Kuni tumia za mpera, na usithubutu kuweka mbao zenye rangi. Makaa yawe upande mmoja, bata upande mwingine, kifuniko kifungwe. Usifunuefunue! Ukifunua, joto linakukimbia. Kisha mchome kisu kwenye paja, pale panapokutana na mwili: maji yakitoka meupe, ameiva. Yakiwa mekundu, subiri.

Sasa na mimi nina swali. Friji yetu imepatwa na nini? Na oveni ya mama ipo, ile kubwa. Kwa nini ujitese na pipa?

Kuja sitaweza, kazi zimebana.

Mwanao


15 Machi

Mwanangu,

Natumaini barua hii itawakuta mmekaa vizuri. Goti lile lile.

Asante kwa mafundisho. Nimefanya majaribio kwa kuku. Nje alikuwa mweusi kama tairi, ndani angeweza kuamka akaondoka. Mama Jirani alimtazama, akaniambia, "Baba, huyu tumzike." Lakini nimegundua kosa: bomba la moshi nililitia upande wa makaa, moshi ukawa unatoka bila kumgusa kuku. Nimelihamisha.

Umeuliza friji. Friji ni nzima.

Baba yako


20 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo.

Sikuuliza kama friji ni nzima. Nimempigia Mama Jirani simu, usimkasirikie. Anasema tangu msiba umefunga mlango wa jikoni kwa ufunguo, chai unakunywa kibandani, na maji unachota bombani uani. Anasema ukipita pale unageuza uso.

Sikulaumu, baba yangu. Sina neno la kukufundisha hapo, hayo si mambo ya chumvi na makaa. Niambie tu kama unakula.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Mimi mzima. Nisamehe kwa kukawia. Nilikuwa naandika nakwama.

Bata tumemla. Nikusimulie.

Asubuhi niliwasha mpera, nikamlaza bata wavuni na vitunguu tumboni. Wenzangu wakaja na viti vyao, Mama Jirani naye akaja. Moshi ulikuwa mwembamba, wa buluu, hadi wapita njia wakawa wanachungulia juu ya ukuta. Mzee Cheche kila mara mkono wake kwenye kifuniko. "Nichungulie kidogo tu, fundi." Nikamwambia, "Toa mkono, binti yangu amekataza." Saa nane mchana ngozi ilikuwa imeshika rangi ya kiatu kipya. Nikavimba kichwa, nisikufiche.

Ndipo mvua ikashuka. Haikuanza na manyunyu, ilimwagwa. Maji yakaingia kwa bomba lile nililolihamisha kwa akili zangu, yakatiririka hadi kwenye makaa, moto ukalia fyuu, ukafa. Tukamchoma kisu pajani. Mekundu.

Nikabaki nimesimama na sinia, mvua inanipiga. Mzee Cheche akauliza, "Ndani kuna oveni?"

"Ipo."

"Basi?"

Mama Jirani akanyoosha mkono kwenye mlango wa jikoni, Cheche akamzuia. "Mwache." Watu wazima wote wale wakaloa pamoja nami, hakuna aliyekimbilia barazani.

Ufunguo ulikuwa mfukoni. Huwa uko mfukoni. Nikafungua.

Kulinuka vumbi na hewa iliyolala. Kanga yake ya kupikia ilikuwa msumarini. Kikombe chake kwenye sinki, majani ya chai yamekaukia chini. Cheche akavua viatu mlangoni, bila kuambiwa. Wengine wakavua. Mafundi wa chuma jikoni kwa mama yako, soksi zimetoboka vidole, wamejipanga kama wanafunzi waliochelewa.

Tukashindwa kuwasha oveni! Watu wanaoyeyusha chuma, kila mmoja anazungusha kitufe chake, mwingine kainama anasikiliza kama daktari. Mama Jirani akatusukuma, akabonyeza mara moja, ikawaka. Tulicheka, mwanangu. Humo humo ndani tulicheka.

Bata akiwa ndani, nikaosha kile kikombe. Nilikiosha polepole. Walijifanya wanatazama mvua.

Tulimla tumesimama. Kidari kilikauka kidogo, lakini mapaja, na ule moshi uliokuwa umeshaingia, Cheche alinyamaza kabisa, na wewe unamjua. Walipoondoka nilikaa kwenye kigoda chake nikalia. Sijalia hivyo hata siku ya mazishi. Kilikuwa kilio cha mtu aliyeshiba.

Asubuhi nilichemsha chai mwenyewe. Ilikuwa mbaya.

Nakula, mama. Sasa nakula.

Baba yako


9 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo sana.

Barua yako nimeisomea kazini, nimekaa juu ya magunia ya unga. Wenzangu walidhani nimeletewa habari ya msiba. Nikawaambia hapana, baba yangu amechoma bata mzinga, nikazidi kulia. Wakanitazama tu.

Nimeomba ruhusa, nimepewa. Jumamosi nitakuwa kwenye basi.

Usije stendi kunipokea, naijua njia. Nina ombi moja. Kila nilipokuja, niligonga nikasema hodi, na aliyeniitikia siku zote alikuwa mama, hata awe na mikono yenye unga. Nimekuwa nikiogopa kusimama pale nje nipige hodi, pawe kimya. Kwa hiyo ukinisikia, baba, popote ulipo humo ndani, nijibu wewe. Jibu kwa sauti.

Mwanao