Walivyomcheka Pearl

Adelphi, Maryland

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku hatujambo. Babu yako kanunua baiskeli, magoti ndiyo yanayolalamika. Umeniuliza kwa nini mimi hucheka msibani.

Nilipofika Marekani, bado msichana, nilimtunza Bi Dorothy, mama mtu mzima aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha mabomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kiwanda kililipuka, rafiki yake Pearl akafa. Kila mwaka walionusurika walikutana kanisani kuwakumbuka wenzao. Nikampeleka, nimejiandaa kwa kilio. Mzee mmoja akasimama, akaigiza Pearl alivyoimba vibaya kiwandani hadi msimamizi akamwomba anyamaze. Kanisa zima likaangua kicheko.

Bi Dorothy akanigeukia. "Na wewe, unamkumbuka nani?"

Mama yangu alikuwa amefariki Tanga, nami nilishindwa kwenda kumzika. Sikuwahi kumtaja kwa mtu huku. Nikawasimulia alivyokatiza kuoga akamkimbiza mbuzi wa jirani, povu la sabuni limemjaa kichwani. Wakacheka, nami nikacheka huku nalia. Wakaniuliza jina lake. Nikasema Mwanaidi. Wakalirudia mmoja mmoja, kila mtu kwa lafudhi yake, ndipo nikaona mama yangu naye amefanyiwa matanga.

Msalimie mama yako.

Bibi yako akupendaye